Mashimo Thelathini na Moja

Kila siku, kabla ya adhana ya alfajiri, nilisikia komwe zikidondoka kwenye bao upande wa pili wa ukuta. Tok, kimya kidogo, halafu tok nyingine. Sikuwa na nia ya kuzihesabu, lakini mtu aliyeamka peke yake gizani huhesabu chochote anachokisikia. Zilikuwa thelathini na moja. Hazikupata hata siku moja kufika thelathini na mbili, ingawa bao lina mashimo thelathini na mawili.

Upande huo alikaa shemeji yangu, Mwalim Nyange, ndugu wa marehemu mume wangu. Nyumba ile ya Wawi waliirithi pamoja, wakaikata kati kwa ukuta wa udongo, na mume wangu alipofariki Mwalim hakuniambia neno la kuhama. Alisomesha hesabu skuli miaka ishirini na minane, akastaafu mwaka 1956. Alikuwa mjane kama mimi, akiishi na bintiye Mwatima, aliyeachwa na mumewe akarudi kwa baba yake.

Habari ya zile komwe nilielezwa na Mwatima. Zamani baba yake alikuwa akienda kila alasiri barazani Tibirinzi kucheza bao. Siku moja, mwaka 1957, aliwaambia wenzake jambo alilolisoma kitabuni. Ukitia komwe moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, ukaendelea kuzidisha mara mbili mpaka bao lote lijae, jumla yake utaweza kuigawa sawasawa kwa watu watatu, au watano, au kumi na saba, na hakitabaki kitu. Lakini ukiacha shimo moja tupu, ukaishia la thelathini na moja, jumla hiyo haigawiki. Utampa mtu mmoja zote, au utawapa watu moja moja mpaka ziishe. Njia nyingine hakuna.

Siku hizi wajukuu wangu wananiambia kwamba vitabuni nambari ya namna hiyo huitwa namba tasa. Mimi neno hilo silipendi. Mwalim alikuwa akisema nambari kaidi, nami nitasema hivyo hivyo.

Aliyembishia ni Mzee Kificho, seremala, ambaye bao la pale barazani alilichonga mwenyewe. Alitaka ushahidi. Kesho yake Mwalim akakileta kitabu, wakakifungua mbele ya watu, na kurasa zilizokuwa na ushahidi zikakutwa zimeliwa na mchwa. Kificho akasema kwamba hii ni kesi ambayo shahidi wake kaliwa, na baraza nzima ikacheka. Tangu siku ile wakamwita Mwalim Mchwa.

Na Mwalim, kwa unyofu wake, aliwapa wenzake fimbo ya kumpigia. Aliwaeleza kwamba mashimo matatu hutoa komwe saba, matano hutoa thelathini na moja, saba hutoa mia na ishirini na saba, na zote hizo ni kaidi. Lakini mashimo kumi na moja hutoa elfu mbili na arobaini na saba, nayo hugawika kwa watu ishirini na watatu, kila mmoja themanini na tisa. Kificho akamwambia, "Kama kumi na moja imekusaliti, yakhe, thelathini na moja ina udugu gani nawe?"

Mwalim akainuka. Alisema hatakaa tena kwenye bao lile mpaka alete jawabu alilolifanya kwa mkono wake. Akarudi Wawi, na hakwenda tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nambari ile ina tarakimu kumi. Ili kujua kama kuna kitu kinachoigawa, ilibidi aijaribu kwa kila nambari kaidi ndogo, kuanzia mbili mpaka elfu arobaini na sita na mia tatu na ushei. Kupita hapo hakuna haja, maana kama ingegawika kwa kubwa kuliko hiyo, jawabu lingekuwa dogo, na ndogo zote zimekwisha kupimwa. Kwanza akazichuja nambari hizo na kuzipanga katika orodha. Zilikuwa elfu nne mia saba na tisini na mbili. Zile kumi na moja za mwanzo, mpaka thelathini na moja, alizimaliza kwa kichwa siku moja. Kisha, badala ya kuendelea kupanda, alikwenda kwenye ile kubwa kabisa akaanza kushuka. Alimwambia Mwatima kwamba mzigo mzito hubebwa kabla ya jua kuwa kali, na nambari ndogo zitamsubiri uzeeni.

Aligawa nne kwa siku, pengine tano. Kila alfajiri alitia komwe moja moja mashimoni, akizizidisha kichwani mpaka la thelathini na moja, ili nambari isimtoke. Alijaza daftari kumi na sita. Daftari hizo aliletewa. Kila baada ya muda lilikutwa mlangoni furushi limefungwa kwa gazeti, halina jina la mtu. Mwatima alidhani ni mwanafunzi wake wa zamani. Mimi niliwahi kulikunjua gazeti moja nikakuta unga wa mbao katika mikunjo yake. Sikusema kitu, kwa sababu aliyeleta hakutaka kisemwe.

Mwishoni mwa mwaka 1960 macho ya Mwalim yaliingia utando. Alikuwa akiandika mstari juu ya mstari, asijue. Siku moja nilimwona amekaa na daftari magotini, amelishika juu chini, na mkono wake unatafuta mahali pa kuanzia. Zilikuwa zimebaki nambari sabini na tisa.

Mwatima alisoma Kurani tu, tarakimu hizi hakuzijua. Wasomi wa mtaani walikuwa na mambo ya uchaguzi, na mwaka ule mtu wa chama hiki hakuingia kwa mtu wa chama kile hata kwa kuomba moto. Mimi niliwahi kufundishwa na mwanangu kusoma barua na kuandika nambari, basi. Nilimwambia Mwalim kwamba kugawa sijui, lakini mkono wangu hautetemeki. Akasema hilo la pili ndilo gumu kufundishwa.

Nikajifunza kugawa nikiwa na miaka hamsini na sita. Yeye alikaa nje kibarazani, mimi ukumbini nyuma ya mlango ulio wazi, juu ya mkeka, na sileti mapajani. Mwatima alikuwa akipitapita na kazi zake, mara nyingi akituletea chai ya mchaichai bila kuulizwa. Mwalim hakunambia hata mara moja kwamba nimekosea. Alikuwa akisema, "Rudia pale kwenye nne, shemeji," nami nikirudia nikaliona kosa mwenyewe.

Tulianza na mia nne sitini na tatu. Ile nambari kubwa inayogawiwa nilikuwa nimeihifadhi kama uradi: mbili, moja, nne, saba, nne, nane, tatu, sita, nne, saba. Ile ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima, na baki ilikuwa mia mbili themanini na nane. Mwalim aliniuliza jawabu lote, tarakimu baada ya tarakimu, akalihakikisha kwa kichwa, kisha akasema niandike. Baadaye nilizoea. Nilifanya moja asubuhi na moja baada ya adhuhuri, na baki zikawa zinatoka, kubwa na ndogo. Mwalim alizipenda zote. Kila baki ilikuwa inamsogeza Tibirinzi.

Ya ishirini na nne ilikuwa mia tatu thelathini na moja. Niliigawa taratibu, nikafika mwisho, nikafuta sileti kwa kitambaa.

"Hii imekwisha," nilisema.

"Imekwisha vipi, shemeji?"

"Imeingia yote. Haikubaki kitu."

Kila siku alikuwa akiniuliza jawabu. Siku ile hakuuliza. Nilidhani anahesabu kichwani. Kisha akamwita Mwatima, akamwambia azichukue daftari zote kumi na sita ampelekee muuza njugu wa sokoni afungie njugu zake, na akipita Tibirinzi amwambie Mzee Kificho kwamba alikuwa na haki. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi. Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani.

Mwatima alizichukua daftari akazisukuma chini ya kitanda chake. Kwa Kificho hakwenda. Baba yake alipouliza, alijibu kwamba hajapata nafasi, na jibu hilo alilitoa siku nane mfululizo.

Alfajiri nane sikusikia komwe. Nilikuwa naamka saa ile ile na kukaa kitandani nikisubiri tok ya kwanza. Nilijua mimi ndiye niliyempelekea habari ile, lakini niliamini kwamba habari yenyewe ni ya kweli, na sikuona la kufanya. Nilimpelekea muhogo wa nazi. Aliula, akashukuru, akanirudishia sahani imeoshwa. Mchana alikaa kibarazani na mikono mitupu.

Siku ya tisa Bi Mwanawema, jirani yetu, alitoka shamba na kikapu cha machungwa, akaniomba nigawe kwa nyumba nne: kwake, kwangu, kwa Mwalim, na kwa mama mmoja aliyejifungua karibuni, nyumba ya nyuma yetu. Nilikaa pale pale ukumbini kwa Mwalim nikayamwaga mkekani. Nikahesabu kwa sauti, kama tunavyohesabu sote. Yalikuwa ishirini na matano.

"Sita, sita, sita, sita," nilisema. "Yamekwisha sawasawa."

Mwalim, kutoka nje, akageuza uso.

"Shemeji, umesema mlikuwa na mangapi?"

"Ishirini na matano."

"Na nyumba ngapi?"

"Nne."

"Basi hayakwisha. Limebaki moja."

Nilimjibu kwamba lile moja nimempa Bi Mwanawema mkononi, kwa kuwa ndiye aliyechukua kikapu kichwani. Nyumbani kwa mama yangu mambo yalikwenda hivyo. Tulikuwa tukigawa embe, samaki, hata viazi, na kikibaki kimoja kisichotosha mzunguko hakihesabiwi. Anapewa aliyebeba, au mgeni aliyekuta, na mgawaji husema yamekwisha. Mama alikuwa akitukataza kukitaja, maana kukitaja ni kama kumsimanga aliyepewa.

Bi Mwanawema alikwisha anza kumenya chungwa lake.

"Bi Mize," akasema. Aliniita kwa jina, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Siku ile ya mia tatu thelathini na moja. Haikubaki kitu kabisa?"

"Kitu hakikubaki," nilisema. "Ilibaki moja tu."

Bi Mwanawema aliacha kumenya akatutazama. Mwatima alitoka uani na mikono ya unga. Mwalim akaniomba nishike sileti, nikaigawa upya mbele yao wote. Jawabu lilikuwa sita, nne, nane, saba, nane, sita, sita, na baki moja.

"Ningekuuliza tarakimu ya mwisho tu, ningejua," alisema Mwalim. "Sita mara ile moja ya mwisho ni sita, na nambari yetu inaishia saba. Sikuuliza. Niliogopa." Kisha akacheka kwa pua, polepole. "Shemeji, mama yako, Mungu amrehemu, alikulea vizuri. Lakini katika hesabu hata moja ina mwenyewe."

Niliona aibu, na yeye alijua. Kwa hiyo alikaa mchana ule akanieleza jambo ambalo hakuwa na haja ya kunieleza, ili kosa langu lionekane kuwa na faida. Alisema kwamba zile komwe, ukitoa moja tu, ukaiweka kando, zilizobaki huwa karimu. Hugawika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa thelathini na moja, na sasa tumeona kwa mia tatu thelathini na moja. Ukirudisha ile moja, mlango unafungwa. Na tena akasema kwamba hilo la thelathini na moja alilitazamia tangu mwanzo, kwa kuwa mashimo yakiwa ni nambari kaidi, ukigawa komwe kwa idadi ya mashimo yenyewe hubaki moja. Saba kwa tatu, hubaki moja. Thelathini na moja kwa tano, hubaki moja. Mia na ishirini na saba kwa saba, hubaki moja. Nilizipima zote tatu kwa machungwa na maharage baada ya yeye kulala, na ni kweli.

Mwatima akaziburuta daftari kutoka chini ya kitanda. Baba yake alipapasa majalada akazihesabu, akafika kumi na sita, na hakumuuliza chochote kuhusu muuza njugu. Kesho yake, kabla ya adhana, nikasikia tok.

Zilibaki hamsini na tano. Nilipofika mia na hamsini na moja, ikabaki moja tena, nami nilisema "moja" kwa sauti ambayo nadhani ilifika msikitini. Mwalim akasema tumempata karimu mwingine. Ya mwisho ilikuwa thelathini na saba. Tuliifanya siku ya Jumatano asubuhi, mvua ikinyesha, na nilihakikisha mara tatu. Baki ilikuwa ishirini na moja.

"Andika," akasema Mwalim.

Nikaandika. Akaniomba niweke kidole chake juu ya ile ishirini na moja, nikamwita Mwatima akamwekea. Alikikaza pale kwa muda.

Siku hiyo hiyo Mwatima alikwenda Tibirinzi kumwambia Mzee Kificho kwamba jawabu limekamilika, na kwamba baba yake atakuja barazani Ijumaa baada ya sala, akishikwa mkono. Kificho, alivyotueleza Mwatima, hakuacha kupiga randa. Aliuliza kama njia ya Wawi bado ina matope. Akaambiwa inayo.

Alhamisi alasiri tulisikia hodi. Alikuwa Kificho mwenyewe, amekunja kanzu mpaka magotini, miguu imejaa udongo. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana hali za watoto na za viungo, na hakuna aliyeitaja miaka mitatu na nusu. Mwatima alimletea maji ya kunawa miguu.

Kisha Kificho akasema amekuja kukagua kazi hapa hapa, hakuona haja ya kungoja Ijumaa. Mimi nilikuwa mahali pangu nyuma ya mlango. Akataka kujua tumefanyaje, kipofu na bibi, hata aamini kwamba hatukukosea. Niliona si vizuri asikie nusu, nikamsimulia habari ya mia tatu thelathini na moja, na machungwa, na siku nane. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi igawiwe hiyo hiyo, sasa hivi, asikie.

Nikagawa kwa sauti, hatua kwa hatua. Kificho aliifuata kwa vidole vyake vya useremala, akichora juu ya saruji ya baraza kwa ncha ya penseli aliyoitoa sikioni. Alichelewa kidogo nyuma yangu, lakini alifika.

"Baki moja," nilisema.

"Baki moja," alisema Kificho. Akazifungua daftari, akazipekua, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na sita. Akayapangusa majalada kwa kiganja kabla ya kuyarudisha, kama mtu anayeijua bidhaa yake. Mwalim alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kurasa.

"Basi mchwa wale walikula bure," Kificho akasema.

Mwalim akatoa bao lake kutoka chini ya kitanda cha baraza. Wakacheza. Kificho, bila kuombwa, alikuwa akitaja kila shimo alilotoka na kila shimo alilofikia, na Mwalim akipitisha ncha za vidole juu ya komwe kabla ya kucheza zake. Alifungwa mara mbili. Kificho alimwambia kwamba hesabu zimemharibia mchezo, na Mwalim akajibu kwamba alikuwa akifungwa hata alipokuwa na macho, asimsingizie mtu hesabu.

Jua liliposhuka Kificho akainuka, akaomba ruhusa, maana njia ni mbaya gizani. Alipokuwa akishusha kanzu yake nilimwona akiinama, akachukua komwe moja baoni, akaitia mfukoni.

"Iliyobaki ni ya mgeni," akasema. "Si ndivyo, Bi Mize?"

Nikamjibu kwamba ndivyo.

Mwalim alikuwa akizikusanya komwe na kuzihesabu kwa kuzidondosha moja moja ndani ya kifuu. Alipomaliza alingoja kidogo, kama aliyetarajia moja zaidi, na Kificho alikuwa tayari amefika kwenye ngazi.

"Kificho," alimwita. "Hapa zimo sitini na tatu, na bao halichezwi kwa sitini na tatu. Kesho uje uirudishe."